Uzi: Kuinua gari nyumbani mahali pasipo na sakafu ya zege

Kabari_Nakuru

Wanajukwaa, salaam.

Wengi wetu siku hizi tunabadilisha mafuta ya injini na pedi za breki wenyewe nyumbani, na sioni ubaya wowote katika hilo. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba maelekezo tunayoyafuata yameandikwa na watu wanaofanyia kazi ndani ya gereji zenye sakafu ya zege iliyosawazishwa, ilhali sisi tunafanyia kazi kwenye murramu, kwenye kabro zilizotandazwa juu ya mchanga, au kwenye udongo mtupu wa uani. Kwa hiyo ningependa tulijadili suala hili tukianzia ardhini, kisha tupande hadi kwenye jeki na stendi.

Jambo la kwanza ni mwinamo. Mji wa Nakuru umekaa kwenye mteremko unaoshuka kutoka Menengai kuelekea ziwani, na hata ua unaoonekana tambarare huenda usiwe tambarare. Laza chupa tupu ya soda chini, mahali unapokusudia kuegesha, uone kama itabingirika. Ikibingirika, tafuta mahali pengine, hata ikibidi uombe nafasi kwa jirani.

Jambo la pili ni uimara wa ardhi. Udongo wa sehemu nyingi za hapa una majivu ya volkano ndani yake. Ukikauka huonekana mgumu, lakini ukikandamizwa na kitu chembamba husagika na kudidimia. Chukua mfano wa Toyota Fielder, yenye uzito wa takriban kilo 1,200 ikiwa tupu. Injini na gia boksi ziko mbele, kwa hiyo karibu asilimia 60 ya uzito huo hukaa mbele, yaani kama kilo 360 kwa kila upande. Ukiuegemeza upande mmoja kwenye stendi yenye miguu minne, na kila mguu ukiwa na eneo la sentimita 10 za mraba, ardhi inabeba kilo 9 kwa kila sentimita ya mraba. Weka chini ya stendi hiyo ubao wa sentimita 40 kwa 40, na mzigo huo unapungua hadi chini ya robo kilo kwa kila sentimita ya mraba. Ubao uwe mnene, kwa mfano vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 18 vilivyopigiliwa pamoja, kwa sababu ubao mwembamba hupinda chini ya miguu na faida yote hiyo hupotea. Kabro nazo zisikudanganye: kila tofali limekaa peke yake juu ya mchanga, na ukilibebesha mzigo kwenye ukingo wake linaweza kuinama.

Jambo la tatu, ambalo naona halielezwi vya kutosha, ni kwa nini gari linaweza kubingirika hata kama umevuta hendibreki na kuweka gia kwenye P. Katika magari mengi madogo tuliyo nayo, hendibreki hushika magurudumu ya nyuma peke yake. Ukiinua nyuma yote, hendibreki inashika magurudumu yanayoning'inia hewani, na hiyo ni sawa na kutokuwa nayo. P nayo hufunga mhimili ndani ya gia boksi, wala haifungi kila gurudumu kwa nafsi yake. Kati ya magurudumu mawili ya mbele kuna difu, na difu inaruhusu gurudumu moja lizunguke mbele huku lingine likizunguka nyuma. Ukiinua gurudumu moja la mbele, lile lililobaki chini liko huru kubingirika kwa sababu mwenzake aliye hewani atazunguka kinyume. Ndiyo maana kabari si pambo. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya upande usioinuliwa, na uzigonge ziingie barabara. Jiwe la mviringo lililookotwa kando ya barabara linaweza kubingirika pamoja na tairi. Kipande cha mbao kilichokatwa pembetatu na seremala kinafaa zaidi.

Kuhusu stendi zenyewe nitaandika kadiri maswali yatakavyokuja, lakini sharti moja nalitanguliza: jeki ni ya kuinua, stendi ni ya kushikilia, na hakuna mkono wala kichwa kinachoingia chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa dakika ya kuokota nati iliyoanguka.

DadaProbox

Asante sana kwa maelezo haya, kaka Kabari. Ninaishi Kiamunyi na ninaendesha Probox kwa biashara ya mayai. Gari lilikuja na jeki ndogo ya mkasi kwenye buti, na kitabu chake cha maelekezo kimeandikwa Kijapani. Je, ninaweza kuitumia jeki hiyo kuinua gari, kisha nikaweka stendi na kubadilisha mafuta ya injini? Pia ningependa kujua ni wapi hasa ninapopaswa kuweka jeki, kwa kuwa kijana mmoja wa kuosha magari aliwahi kuinua gari la rafiki yangu kwa kusukuma jeki chini ya sampu ya mafuta, na sampu ikabonyea.

Kabari_Nakuru

Dada, jeki ya mkasi ilitengenezwa kwa ajili ya kubadilisha tairi barabarani. Kitako chake ni chembamba, na inapokaribia mwisho wa urefu wake huyumba ukiisukuma kidogo tu kwa upande. Inawezekana kuinulia gari hadi stendi iingie, lakini shida inayofuata ni ya mahali: jeki hiyo na stendi vyote vinataka kukaa kwenye sehemu ileile ya bodi. Ukipata jeki ya magurudumu ya tani 2, inayolala chini na kusukumwa kwa mpini mrefu, utafanya kazi kwa utulivu zaidi. Na utoe trei za mayai kwanza. Gari huinuliwa likiwa tupu.

Kuhusu mahali pa kuinulia, inama utazame chini ya milango. Utaona mshono wa bati unaokwenda urefu wote wa ubavu, na kwenye mshono huo kuna vipengo vidogo viwili viwili, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele na mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Sehemu iliyo kati ya vipengo hivyo imeongezewa bati ndani, na hapo ndipo jeki ya mkasi inapokaa. Ukitoka nje ya hapo, bati la kawaida litajikunja. Jeki ya magurudumu ina kikombe cha chuma ambacho kitauponda mshono huo, kwa hiyo nunua au kata raba nene yenye mfereji katikati, mshono uingie kwenye mfereji na uzito ubebwe na raba pande zote mbili.

Magari mengi ya aina hii yana pia sehemu ya kuinulia katikati mbele, kwenye boriti nzito ya chuma nyuma ya bampa. Ukiinulia hapo, sehemu mbili za ubavuni zinabaki wazi kwa ajili ya stendi, na hiyo ndiyo njia ninayoipendelea kwa kazi ya mafuta. Sampu, gia boksi, bomba la moshi na mikono ya usukani si mahali pa jeki kamwe. Kabla ya yote, gonga ule mshono kwa mpini wa bisibisi. Baadhi ya magari tunayoyapata yametumika katika maeneo ya Japani yenye theluji, ambako chumvi humwagwa barabarani, na kutu hula ubavu kutoka ndani huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Bati likitoa sauti ya kuoza au likimong'onyoka, usilitegemee.

FundiKondele

Ninaheshimu maelezo ya ndugu Kabari, ila naomba kutofautiana naye kwa adabu. Nimefanya kazi hii Kisumu kwa muda mrefu, na mafundi wengi wa jua kali huweka mawe ya kujengea au magogo chini ya gari na wanamaliza kazi salama. Mteja anayeambiwa anunue stendi mbili, jeki ya magurudumu, mbao na raba ataona ni afadhali alipe gereji. Je, si kweli kwamba jiwe la kuchonga linabeba nyumba nzima?

Kabari_Nakuru

Fundi, swali lako ni la haki na ninakubali kwamba vifaa vina gharama. Hata hivyo, jiwe ndani ya ukuta limezungukwa na saruji na limebeba mzigo uliotandazwa juu ya uso wake wote. Chini ya gari, jiwe hilohilo linabebeshwa ukingo mwembamba wa chuma katikati yake, na mara nyingi juu ya kokoto moja iliyobaki upande wa chini. Mawe mengi ya kujengea ya huku Nakuru ni majivu ya volkano yaliyogandamana. Yanakatwa kwa urahisi, na urahisi huo wa kukatwa ndio udhaifu wake chini ya gari. Matofali ya kuchoma na yale ya saruji yenye matundu ni dhaifu zaidi. Tatizo kubwa ni jinsi vitu hivi vinavyovunjika. Chuma kikizidiwa, kwa kawaida hupinda kwanza, na macho yako huona. Jiwe hupasuka papo hapo bila kulalamika. Kwamba jana halikupasuka hakuthibitishi kitu, kwa kuwa ufa unaweza kuanza leo na kukamilika kesho.

Gogo la mviringo hubingirika na gogo lililosimamishwa wima hupasuka kwa urefu wa nyuzi zake. Mtu asiye na stendi kabisa, lakini mwenye mbao ngumu za mraba zilizokauka, anaweza kuzipanga mbili mbili kwa kupishana, tabaka moja kwa urefu na lingine kwa upana, zikawa mnara mpana usiozidi urefu wa kitako chake. Waokoaji hutumia mpangilio huo wa mbao kuzuia magari yaliyopinduka. Hilo ninalikubali kuliko jiwe lolote.

Mwalimu_Ahero

Naomba kuchangia kuhusu udongo wetu mweusi wa uwanda wa Kano, kwa kuwa tabia yake haifanani na ya udongo wa Nakuru. Udongo huu huvimba unapolowa na husinyaa unapokauka, hata ukapasuka nyufa zinazoweza kumeza bisibisi. Wakati wa kiangazi, mchana, utaona umekuwa mgumu kama matofali, na utashawishika kwamba unabeba chochote. Jioni mvua ya kutoka ziwani ikinyesha, udongo uleule unateleza na stendi inazama mguu mmoja baada ya mwingine, na kwa kuwa miguu haizami kwa kiwango kimoja, stendi huinama.

Kutokana na hali hiyo, kwangu ni mwiko kuliacha gari juu ya stendi usiku kucha nje katika msimu wa masika. Kazi ikikwama kwa kukosa kipuri, ninarudisha gurudumu na kulishusha gari, hata kama kesho yake nitalazimika kuliinua upya. Majirani zangu wawili walichangishana wakamwaga zege kwenye eneo dogo la kutosha gari moja, likiwa na nondo ndani, na sasa familia kadhaa hulitumia kwa zamu; naona huo ni uwekezaji wa busara kuliko kila mtu kununua mbao zake. Onyo moja: zege jembamba lililomwagwa juu ya udongo mweusi bila kuondoa tabaka la juu na kujaza murramu litapasuka lenyewe, kwa sababu udongo ulio chini hautaacha kuvimba.

Ningependa pia kumuuliza ndugu Kabari: nimeona jeki ya magurudumu ikiteleza kutoka mahali pake ingawa gari lilikuwa na kabari. Ni nini husababisha?

Kabari_Nakuru

Mwalimu, nashukuru kwa hilo la zege, sikuwa nimelifikiria.

Kuhusu jeki kuteleza, tazama mkono wake unapopanda. Haupandi wima kama lifti. Umefungwa kwenye bawaba upande mmoja, kwa hiyo kikombe kinachora upinde, na kadiri kinavyopanda ndivyo kinavyosogea kuelekea upande wa mpini. Kwenye sakafu ya zege, magurudumu ya jeki hujiviringisha taratibu chini ya gari kufidia mwendo huo, na hakuna anayeona kitu. Kwenye udongo au changarawe, magurudumu hayo madogo ya chuma huzama na kukwama. Gari limezuiwa na kabari, jeki imezuiwa na udongo, na bado kikombe lazima kisogee. Kinachobaki ni kikombe kuburuzika kwenye bodi mpaka kinachomoka.

Dawa yake ni kuiweka jeki yote juu ya kipande kirefu cha plaiwudi nene au bamba la chuma, magurudumu yapate njia ya kutembea. Wengine huweka kipande cha mbao chini ya magurudumu ya mbele ya jeki pekee, nao wanaongeza hatari. Unapopampu, simama baada ya kila mapigo machache, uangalie kama magurudumu yamesogea na kama kikombe bado kimekaa katikati. Usikilize pia: mlio mkavu wa chuma kukwaruza bati ni ishara ya kushusha na kuanza upya.

Kijana_Kakamega

Nimeufuatilia uzi huu kwa makini. Dukani hapa Kakamega nimeonyeshwa stendi za aina mbili: moja ina meno na mkono mdogo wa kufungia, nyingine ina mashimo na pini nene inayopita katikati. Zote zimeandikwa tani 3. Ipi inafaa? Vilevile, jeki ya baba hushuka yenyewe polepole gari likiwa juu. Je, inaweza kutengenezwa au nitafute nyingine?

Kabari_Nakuru

Ndugu yangu, zote mbili zinafaa zikiwa zimetengenezwa vizuri, lakini mimi huchagua yenye pini kwa sababu naweza kuiona kwa macho kwamba imepita pande zote mbili. Ile ya meno ni ya haraka, ila jino lazima liingie mpaka mwisho. Mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight ya Marekani ilitangaza kuzirejesha stendi za meno za tani 3 na tani 6 za chapa ya Pittsburgh, kwa kuwa meno yangeweza kuachia gari likisukumwa, na baadaye mwaka huohuo hata baadhi ya zile zilizotolewa badala yake zilirejeshwa kwa kasoro ya kulehemu. Ukinunua, kagua viungo vilivyolehemiwa, na usome kama tani 3 ni za stendi moja au za jozi, kwa maana watengenezaji hawafanani katika hilo. Usikubali pini ibadilishwe kwa msumari au boliti nyembamba. Suala la jeki namwachia fundi, analijua kuliko mimi.

FundiKondele

Asante kwa kunipa nafasi. Jeki inayoshuka yenyewe ina moja kati ya mambo mawili: ama skrubu ya kuachilia haifungi barabara kwa sababu ya uchafu kwenye kikao chake, ama sili za ndani zimechakaa. Safisha na ubadilishe mafuta kwanza, kwa kutumia mafuta ya haidroli. Usithubutu kutia mafuta ya breki; hayo huharibu sili za jeki, na nimeona jeki nyingi zikiletwa kwangu zikiwa zimekufa kwa namna hiyo. Ikiwa mpini unapanda na kushuka bila gari kuinuka, kuna hewa ndani. Fungua skrubu ya kuachilia, pampu mara kadhaa bila mzigo, kisha ifunge. Ikiendelea kushuka baada ya hayo, sili zinahitaji kubadilishwa, na vipuri vya jeki za bei nafuu mara nyingi havipatikani.

Kuhusu mawe, nimeisoma hoja ya chuma kupinda na jiwe kupasuka. Siwezi kuipinga. Hata hivyo nitaongeza jambo tunalolifanya gereji: gurudumu tulilolifungua tunalilaza chini ya ubavu wa gari, karibu na stendi. Gari likianguka litaangukia rimu, na mtu atabaki na nafasi ya kupumua.

DadaProbox

Fundi, hilo la gurudumu ni rahisi na halina gharama, na kwenye kazi ya mafuta nitatumia tairi ya spea. Nina maswali ya mwisho. Nitajuaje kwamba gari limekaa sawasawa kabla sijaingia chini? Na ninaweza kuwasha injini likiwa juu?

Kabari_Nakuru

Dada, ukishashusha uzito wote juu ya stendi, simama pembeni, mwili wako ukiwa nje kabisa, na ulisukume gari kwa viganja vyote viwili, kwanza kwa upande, kisha kwa mbele na nyuma. Sukuma kwa nguvu utakayotumia kufungua boliti iliyoshika kutu. Gari la kuanguka na lianguke wakati huo. Likitikisika bila miguu ya stendi kuinuka wala kuzama, rudisha jeki iguse bodi bila kubeba uzito, laza gurudumu chini ya ubavu, kisha ingia. Watoto na kuku wawe ndani, na mtu mzima mmoja ajue uko chini ya gari. Gari likimwangukia mtu, liinuliwe kwa jeki na lizuiwe kwa mbao kabla ya kumvuta, huku mwingine akipiga 999 au 112.

Injini unaweza kuiwasha kwa muda mfupi ili mafuta mapya yazunguke, gia ikiwa P, ukiwa nje ya gari na si chini yake. Usiingize gia. Katika gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne ni hatari kubwa zaidi, kwa sababu yale yaliyobaki chini yatalivuta gari litoke kwenye stendi.

Wakati wa kushusha, toa kwanza vifaa vyote na gurudumu la akiba, inua kidogo mpaka stendi ziwe huru, ziondoe kwa kuzivuta kwa mguu wake ukiwa pembeni, kisha fungua skrubu ya jeki polepole. Kwa kazi inayohusu magurudumu, nati hulegezwa kidogo kabla ya kuinua na hukazwa kabisa baada ya tairi kugusa ardhi, kwa kurukia upande wa pili kila mara badala ya kuzifuata kwa duara. Toyota ndogo nyingi zinataka nyutoni-mita 103, ambazo ni kama kusukuma kwa kilo 35 mwishoni mwa spana ya sentimita 30. Kupanda juu ya spana kwa miguu miwili ni kupita kiasi. Zikaze tena ukishaendesha kilomita 50 hadi 100. Kabari ziondoe mwisho kabisa, baada ya kuhakikisha hendibreki inashika.